Karatasi Ishirini na Tatu

Garimoshi lilikuwa limekwisha kuanza kusogea Mwanamkuu binti Selemani alipokubali moyoni kwamba hakuna mtu aliyekuja kumuaga. Steshini ya Tabora ilirudi nyuma polepole, pamoja na wachukuzi wake, matenga ya kuku, na askari mmoja aliyesimama kivulini akichokonoa meno kwa kijiti. Wanawake wa baraza lake walijua siku na saa ya safari. Hata mmoja hakutokea. Akalivuta buibui lake, akaukumbatia ungo aliousafirisha kwenye mapaja, akawa anautazama mtaa wa Chemchem ukipita bila ya kupungiwa mkono.

"Umesahau kitu, Bi Mkuu?" aliuliza Benedikta, aliyeketi mkabala naye na boksi la chaki miguuni.

"Nimesahau watu."

Benedikta alicheka. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mzaliwa wa upande wa Bukene, mwanamke wa miaka kama thelathini ambaye hakupata kuona jambo lisiloweza kufundishika. "Watu tutawakuta huko. Ishirini na watatu, wamekwisha kuandikishwa."

Neno lile la kuandikishwa lilimgusa Mwanamkuu pabaya, lakini lilikuwa pia neno la heshima, na siku hizo alikuwa na njaa ya heshima.

Baraza lenyewe lilianza bila ya jina. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri, wanawake kadhaa walikutana uani kwake, kila mmoja na karanga zake za kumenya. Mwenye mzigo alisema. Wengine walimenya. Hakuna aliyemtazama msemaji usoni, na hakuna aliyemjibu mpaka karanga za ungo wake ziishe. Hapo ndipo angeulizwa: unataka ushauri, au unataka kutua tu? Kisha maganda yalitiwa motoni, na yaliyosemwa yalikwenda pamoja na maganda. Kwa namna hiyo ndoa mbili tatu zilipona, na binti mmoja aliyekwisha kuvua viatu vyake ukingoni mwa kisima alirudi nyumbani kwao.

Habari zikamfikia afisa wa ustawi wa jamii. Ilikuwa mwaka sabini na nne, watu wamekwisha kuhamishwa kwa malori kuingia vijiji vipya, na wakubwa walikuwa wakisikia kwamba huko vijijini watu hawalali, hawali vizuri, wanakaa tu. Afisa akaandika barua yenye mhuri: Mwanamkuu aandae semina ya siku mbili, awafundishe wanakijiji kusikilizana. Wanawake wa baraza walipoelezwa, bibi Mwanahawa, mkubwa wao wote, aliacha kumenya.

"Maneno yetu hayajapata kupigwa mhuri," alisema. "Ukiyapiga mhuri, tutayadai kwa nani?"

Mwanamkuu alikasirika. Alimwambia kwamba ana wivu. Ndiyo sababu steshini ilikuwa tupu.

Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo hata bibi Mwanahawa hakulijua. Barua ile Mwanamkuu hakuisoma; yaliyomo aliyasikia kwa kinywa cha tarishi aliyeileta. Herufi za Kiarabu za chuoni alizijua tangu utotoni. Angeweza kukuandikia barua ya Kiswahili kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko ambao walimu wa madrasa waliusifu. Lakini herufi za shule, hizi za magazeti na mihuri, hakupata kufundishwa. Marehemu mumewe alimsomea. Baada ya mumewe, alikuwa akiitazama karatasi kwa muda wa kutosha, kisha anaikunja. Watu waliomwona na kalamu mkononi hawakuona haja ya kuuliza kalamu ile huandika nini.

Bukene walipokewa na Masolwa, katibu wa tawi la chama, kijana nadhifu mwenye baiskeli na sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni sana. Sisi huku hatuna siri. Mtaona wenyewe, kijiji chetu kimenyooka kama rula."

Baada ya maili saba za miguu walikiona, na kweli kilinyooka. Nyumba zilisimama safu kwa safu kwenye udongo uliokwanguliwa, hakuna mti uliobakizwa wa kumkinga mtu na jua, na milango yote ilitazama upande mmoja. Watu waliketi vizingitini. Walijibu salamu vizuri, lakini walijibu kama abiria wanaongoja gari ambalo hawajaambiwa linakwenda wapi.

Semina ilifanyika katika banda la shule. Masolwa hakuingia. Aliweka kiti nje ya ofisi ya tawi, ng'ambo ya uwanja, mahali ambapo sauti haifiki ila macho yanafika, akahesabu walioingia kwa kidole.

Mwanamkuu aligawa karanga. Mzee mmoja, Ngollo, mwenye ndevu za kijivu, alizisukuma mbali.

"Mimi nimenye karanga? Sasa nilioa kwa ajili gani?"

"Ulioa upate wa kumnunia," alijibiwa na mwanamke wa nyuma yake. "Menya, mzee, leo upate kusikia na sisi tunasema nini."

Wakacheka, na kicheko kile kikafungua banda. Ngollo akachukua karanga. Saa nzima ikapita watu wakisema mambo madogo: mtama ulioachwa shambani, kitanda kilichovunjika katika lori. Halafu Katarina akasema. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye vidole vya haraka.

"Baba yangu hakuja," alisema. "Mahona, mlina asali. Lori lilipofika alikuwa kwenye mizinga yake, na mpaka leo yuko porini. Ninyi nyote mnajua."

Mikono yote ilisimama. Kisha, bila ya kuambizana, ikaanza tena, kwa kasi zaidi. Mwanamkuu akaelewa kwamba kijiji kizima kiliijua siri ile na kilikuwa kikiishikilia pamoja, kama watu wanaoshikilia ukuta usiwaangukie.

"Kila Ijumaa nakwenda kuni, nampelekea unga na chumvi. Wakimpata watamleta kwa kamba, maana wamekwisha kuandika kwamba tumehama sote. Nikimwacha, atakufa peke yake. Nikimleta kwa nguvu, atakufa mbele yangu."

Karanga za ungo wake zikaisha. Mwanamkuu akamuuliza kwa sauti ndogo, "Unataka ushauri, au unataka kutua?"

"Kutua tu, mayu."

Akamwita mama kwa lugha ya kwao. Mwanamkuu alikusanya maganda yote kwa mikono yake mwenyewe, akayatia motoni, akasimama hapo mpaka yakawa majivu.

Asubuhi ya pili Masolwa alifika mlangoni. Hakuvuka kizingiti. "Wilayani wanataka taarifa, mama. Kwa maandishi. Semina isiyo na maandishi wataiita porojo."

Mwanamkuu alitaka kusema kwamba sisi hatuandiki. Ilikuwa sentensi ya maneno mawili. Lakini Benedikta alikwisha kupiga makofi.

"Vizuri sana! Hawa wako hatua ya tatu ya kisomo, Bi Mkuu. Tangu waanze wanaandika jembe na kamba. Leo waandike jambo lao wenyewe. Kila mtu na mzigo wake."

Nyuso zikachangamka. Mwanamkuu aliziona, akaona pia jinsi banda lilivyofanana sasa na semina hasa, watu wameinamia karatasi, ubaoni pameandikwa tarehe. Akanyamaza.

Benedikta alipita kati yao na penseli nyekundu. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa mwalimu tu, na mwalimu akiona sentensi yenye pengo hulijaza kwanza, kufikiri kunafuata baadaye.

"Katarina, maandishi hayaelei hewani. Nani, wapi, lini. Hapa umeandika 'porini'. Pori lipi? Anayesoma afike bila ya kuuliza."

Katarina alijikunyata, akauma kalamu, akaongeza maneno. Alipomaliza hakumpa Benedikta. Alikuja mbele kabisa, akainyoosha karatasi kwa Mwanamkuu kwa mikono miwili.

"Mayu, soma wewe kwanza. Kama kuna kisichofaa nirudishie nikichane."

Watu ishirini na wawili walikuwa wakitazama. Mwanamkuu akaipokea. Herufi zilisimama moja moja, hazikushikana mikono kama zile alizozijua yeye. Zilimtazama kama watu wa mji mgeni. Akayapitisha macho juu mpaka chini, kwa muda wa kutosha.

"Ni nzuri, mwanangu," alisema. "Imekaa sawa."

Mabega ya Katarina yakashuka. Karatasi ikaingia katikati ya nyingine.

Saa sita Masolwa alivuka uwanja. "Hizo karatasi nitazipokea mimi, mama, kabla hamjaenda kuwahi gari la saa kumi."

"Nilidhani nitampelekea afisa ustawi mwenyewe."

"Kila kitu hupitia tawi." Alitabasamu. "Ziko ishirini na tatu, nadhani."

"Ngoja nizipange."

Alikwenda nyuma ya banda, kwenye ukuta usio na dirisha, akachuchumaa juani. Akazitandaza magotini. Alikuwa anatafuta karatasi moja tu. Akazipindua zote mara moja, mara mbili. Zote zilikuwa sawa. Zote zilikuwa na mistari ya penseli iliyopanda na kushuka, zote zilikuwa na wekundu wa Benedikta. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope. Hatua ishirini kutoka pale Benedikta alikuwa akinywa uji, amezungukwa na wanafunzi wake wakimwita mwalimu, mwalimu. Ingetosha kumwita kando na kumwambia: nitafutie ya Katarina. Angeuliza, kwani wewe huioni? Na swali lile lingefika Tabora kabla yake.

Akachagua iliyokuwa na wekundu mwingi kuliko nyingine. Pori lipi, nani, lini: lazima ndiyo iliyosahihishwa zaidi. Akaikunja, akaitia kifuani, akarudi.

Masolwa alihesabu kwa kulowesha kidole. "Ishirini na mbili."

"Mmoja alishindwa kuandika."

"Nani?"

"Sikulishika jina lake."

"Si kitu, mama," alisema kwa upole. "Nikizisoma zote nitamjua asiyekuwamo."

Njia nzima ya kurudi Tabora Mwanamkuu hakuuondoa mkono kifuani. Benedikta alibaki kwao kwa wiki moja, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye, na ilikuwa afadhali. Kesho yake alichukua kofia mbili alizokuwa amemaliza kuzishona, akaenda dukani kwa Mansukh kama alivyozoea. Mansukh hakuwapo, alikuwapo mkewe, Damyanti, aliyekuwa akipima vitunguu. Mwanamkuu alimwona Damyanti kuwa nusu mgeni, mtu ambaye aibu isingekaa kwake muda mrefu.

"Macho yangu yamechoka," alisema. "Nisomee."

Damyanti alivaa miwani. "'Mimi ni Ngollo. Nina umri wa miaka sitini na mbili. Siku ya kuhama mbuzi wangu wanne walikufa ndani ya lori kwa kubanwa. Mmoja alikuwa na mimba. Sina zaidi. Nashukuru semina.'" Akaivua miwani. "Maskini, anasikitikia mbuzi. Kuna nini, Bi Mkuu? Kaa basi."

Treni ya Mwanza iliyofuata ilikuwa Jumatano. Siku nne. Hakuwa na namna nyingine ya kufika, na hata kama angekuwa na mtu wa kumtuma, angemtuma na maneno gani? Usiku alilala na macho wazi. Mchana alikwenda steshini kuuliza kama ratiba imebadilika, mpaka karani akamzoea.

Jumatano alishuka Bukene peke yake, akatembea maili saba. Nje ya ofisi ya tawi kiti kilikuwa kitupu. Watu vizingitini walimwona, wakaingia ndani, nyumba baada ya nyumba, na safu ile yote ikawa milango mitupu kufika mwisho. Katarina alikuwa akitwanga. Hakuacha.

"Walimfuata Jumatatu," alisema. "Hawakutafuta. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ile miti mitatu ya mininga ng'ambo ya kijito, nilivyoandika. Mizinga wameichoma kwanza, ili asiwe na cha kurudia."

"Yu hai?"

"Yumo ndani. Amegeukia ukutani."

Mwanamkuu alikuwa amejiandalia maneno mengi ndani ya treni. Yote yalikuwa mazuri, na yote yalimlaumu mtu mwingine. Akayaacha.

"Katarina, herufi zile sizijui. Sikuisoma. Nilikudanganya mbele za watu."

Mchi ulisimama hewani. Katarina akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane walikuwa wanatazamana usoni.

"Ungesema," alijibu polepole. "Ungesema tu, mayu. Ningekusomea mimi mwenyewe."

Akaendelea kutwanga.

Ngollo aliitwa ofisini mara tatu kueleza kwa nini alikataa kuandika; alisema aliandika, hakuaminiwa, akafyatulishwa matofali ya shule mwezi mzima. Masolwa alipanda cheo mwaka uliofuata, akahamia wilayani. Benedikta hakuelezwa lolote na mtu yeyote. Alihamishiwa Isikizya, akafundisha huko mpaka alipostaafu, na alikuwa akiitaja semina ile kama kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Bibi Mwanahawa alilihamishia baraza uani kwake. Mwanamkuu alijiandikisha kisomo akiwa na miaka hamsini na miwili, akakaa benchi la mbele, akafaulu hatua ya nne, barazani hakurudi. Katarina aliolewa Kahama na hakuandika kwa mtu. Mzee Mahona aliishi miaka minne zaidi katika safu ya pili, kiwanja namba kumi na saba. Hakupanda kitu.