Uzi wa Chake

Ruweida alikuwa amebakisha mtihani mmoja tu wa stashahada yake ya sosholojia, na mtihani wenyewe haukuwa wa kuandika. Alitakiwa arudi Kisiwa Panza, alikofanya utafiti juu ya maamuzi ya uzazi katika ndoa, awasomee wenyeji matokeo huku mwalimu wake akimpa alama.

Ukurasa uliompa sifa chuoni ni ule wa Mshiriki wa Nne. Madam Consolatha, mwalimu wake kutoka bara, alipousoma mara ya kwanza alivua miwani. "Huu ndio moyo wa kazi yako," alimwambia. "Siku hiyo uusome kama ulivyo." Ruweida hakuwa na wasiwasi. Jina la mama yule alishalifuta, na darasani wamefundishwa kwamba jina likifutwa, mtu amehifadhika.

Kikao kilikuwa skuli. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, kila mmoja na kofia ya viua, ile ya vitundu vya kutarizi, anayoishona, maana hapa mwanamke haendi kikaoni mikono mitupu. Wakati wakimsubiri sheha, mkuu wa eneo, Bi Ummkulthum, mkubwa wa washonaji, alimgeukia jirani yake.

"Mwanamize, uzi umekwisha tena? Juzi nilikuona wapanda boti."

"Umekwisha."

"Sisi sote twashonea uzi wa duka la Ashraf na hatujafa. Weye wako mpaka mjini Chake, utasema wamshonea mfalme."

"Wa Ashraf huchuja rangi," Mwanamize alisema bila kuinua macho. Wanawake wakacheka, kicheko cha mzaha wa siku zote.

Kule mbele mume wa Mwanamize, Kificho, hakugeuka hata shingo. "Mie nshazoea. Nimeoa boti."

Ruweida, aliyekuwa akipanga karatasi mezani, aliacha kuzipanga. Yeye ni mtoto wa Chake. Hakujua kuwa kisiwa kizima mwanamke anayefuata uzi mjini ni mmoja tu. Na kwenye ukurasa wa Mshiriki wa Nne alikuwa ameandika, neno kwa neno: "Huaga nyumbani kuwa nakwenda Chake kununua uzi. Nikifika naanza hospitali, nachomwa sindano ya kuzuia mimba, ndipo napita sokoni. Mume wangu ataka mtoto mwengine. Mie uzazi wa mwisho ulitaka kuniua. Siku akijua, sina ndoa."

Sheha alifika, dua ikasomwa, Ruweida akaanza. Alisoma vizuri, kwa Kiswahili ambacho hata wazee walikiitikia kwa kichwa. Alipomaliza Mshiriki wa Tatu aliinua macho. Nyuma kabisa, mkono wa Mwanamize ulikuwa umesimama juu ya kofia. Hakumwashiria kitu. Alimtazama tu.

Ruweida akafunua karatasi mbili kwa pamoja, akaendelea na Mshiriki wa Tano.

"Ruweida," Madam Consolatha aliita. "Umemruka wa nne."

"Sikumruka, Madam. Nimemtoa. Nilipoupitia ule ukurasa niliona nimeandika mambo nisiyoyathibitisha. Kosa ni langu."

Minong'ono ikapita. Kificho akakohoa. "Sasa huko chuoni mwasoma nini? Mwatuletea karatasi wenyewe hamziamini."

Watu wakacheka, na Ruweida akacheka nao, uso ukimwaka. Pembeni, kalamu ya mwalimu ilikuwa inaandika.

Njiani kurudi pwani, walipoziacha nyumba nyuma, Madam Consolatha alimgeukia.

"Ukurasa ule una ushahidi. Sauti yake uliyoirekodi nimeisikiliza mwenyewe. Umedanganya mbele ya watu waliokupokea."

"Ndiyo, Madam."

"Kwa nini?"

"Nikikueleza kwa nini, nitakuwa nimeusoma."

Mwalimu alisimama, akatazama nyuma kuelekea skuli walikochekea uzi wa Chake, kisha akamtazama Ruweida.

"Alama za leo nakukata. Nimeshaandika, na sifuti." Wakatembea tena kidogo. "Lakini ripoti zenu huwekwa maktaba, na anayetaka hufungua akasoma. Niletee nakala nyingine isiyo na ukurasa huo. Ile ya zamani nitakurudishia, uichome kwa mkono wako. Na sauti uifute."

Ruweida aliitikia kwa kichwa.

Kwenye boti Kificho alikuwa anasaidia kupakia mizigo. Mwanamize alisimama nyuma yake, kofia yake kwapani.

"Msomi wetu, usituwekee kinyongo," Kificho alisema. "Sisi midomo yetu haina breki."

"Sina kinyongo, baba."

"Mwanangu," Mwanamize alisema taratibu, "nikija Chake, nikupitie?"

Kificho akaweka chini gunia. "Chake tena? Uzi gani huo usokwisha?"

"Kichwa chako kikubwa, baba Laila. Kofia yako moja hula uzi wa watu watatu."

Boti nzima ikacheka, Kificho akijipapasa kichwa kana kwamba anakipima.

"Nipitie, Bi Mwanamize," Ruweida alisema, akipanda. "Nitakusindikiza mpaka sokoni."