Upana wa Kidole

Kitambaa kilipotua mezani, mshonaji alikitambua kwa rangi kabla hakijakunjuliwa. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena. Pale karakana ya bendera hakuna aliyemuuliza ana nini. Wote waliijua rangi ile, na walijua kwao mshonaji ilikuwa imepandishwa juu ya mapaa gani.

Wiki nzima walikuwa wakishona bendera za mezani kwa ajili ya mkutano mkubwa. Zilikuwa za nchi zilizosimama upande wa nchi yake tangu ilipovamiwa. Nyingine zilituma dawa na magari ya wagonjwa, nyingine zilituma silaha, nyingine zilifungua milango kwa wakimbizi kama yeye. Nyingine, alivyosema mkataji wa vitambaa, zilituma hotuba kali na picha za viongozi wao wakiwa wamekunja uso, lakini nazo zilistahili kijiti chao cha bendera mezani. Mkataji huyo zamani alikuwa kinyozi, na mpaka leo alishika mkasi kama mtu anayetafuta kichwa.

Sasa ilikuwa imepigwa simu kutoka ukumbini. Wavamizi wenyewe wamekubali kuja kuketi meza moja na nchi waliyoivamia, nchi rafiki zake zikiwa mashahidi na wadhamini. Hawakuwa wakija kusimamisha risasi kwa muda tu ili wapumue na kurudi. Wangezungumza amani ya kudumu, na jambo la kwanza lingekuwa mateka. Kwa hiyo ilitakiwa bendera yao pia, saizi ileile, kesho asubuhi iwe mezani.

Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Bi Mkasi kwa sababu ya mkasi uliomning'inia shingoni kwa uzi, alimsogelea mshonaji akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kama mkono hautaki, nitampa mwingine."

"Nitashona mimi," akajibu.

Aliitaka kazi hiyo na aliichukia. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Walimkamata na gari lake na majeruhi wake. Tangu hapo watu wa misaada walileta salamu mara moja tu, kwamba yu hai. Mkutano ukifanyika, huenda akarudi. Mkutano ukivunjika, atabaki huko alipo, na hakuna aliyejua ataweza kubaki mpaka lini.

Akaingiza uzi kwenye cherehani. Mguu ulikanyaga, mkono ukaongoza kitambaa, na kichwa kikaenda kwao. Mji wao ulipotekwa, askari walimjia mama yake, naye pia fundi, wakamwamuru awashonee bendera ya kupandisha juu ya paa la shule. Mama akaomba radhi kwa adabu zote, akasema cherehani ni mbovu. Ilikuwa kweli, maana alikuwa ametoka kuchomoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kuitupa chooni. Walimpiga mateke, wakapiga na cherehani mateke, wakaondoka. Mji ulipokombolewa, mama alisimulia kisa hicho kwa kila aliyepita, na kila mara mateke yaliongezeka upande wa cherehani.

Na leo binti yake yuko hapa, mbali na vita, amekaa kivulini, anawashonea watu walewale kwa mshono wa kupendeza. Damu ikamchemka. Akasimamisha cherehani, akatazama huku na huku. Kisha akakunja pindo la chini kwa ndani, likazidi kwa upana wa kidole, akalishindilia kwa mistari miwili ya mishono.

Alijua haitagundulika. Pale karakana kitambaa hupimwa kikishakatwa. Kikishashonwa hakipimwi tena, kwa kuwa Bi Mkasi aliamini kumpimia fundi kazi yake ni kumtukana. Bendera ya wavamizi ingekaa mezani imepungukiwa, fupi kidogo kuliko ya nchi yake, na siri hiyo ingekuwa yake peke yake. Angeweza kukikata kile kipande akitupe. Hakukikata. Mama alimfundisha kutotupa kitambaa, akiache ndani ya pindo, mtoto akikua gauni literemshwe. Mkono ulifuata mazoea hata pale moyo ulipotaka shari.

Asubuhi yeye na Bi Mkasi walizipeleka bendera ukumbini. Aliyezipokea alikuwa afisa wa itifaki, kijana mkakamavu ambaye wahudumu walimbatiza Rula, kwa kuwa alipima kila kitu kwa rula, hata umbali wa glasi ya maji kutoka ukingo wa meza. Lakini bendera zilikuja zikiwa na jina la Bi Mkasi, akaona aibu kuzipima, akazipanga. Mshonaji akatembea kando ya ukuta wa korido, huku na huko, kama aliyefungiwa. Kiti alipewa, hakukikalia.

Katibu wa wavamizi, mwanamke wa makamo aliyevaa suti ya kijivu, aliingia kwanza kukagua. Akapita nyuma ya viti, akasimama, akazichukua bendera mbili, yao na ya wapinzani wao, akazishika bega kwa bega. Akazirudisha taratibu na kutoka. Dakika chache baadaye ujumbe wao ulituma habari kwamba hauingii. Walikuja kuzungumza, walisema, hawakuja kudhalilishwa. Magari yao yalikuwa uani, injini zinanguruma.

Korido ikajaa watu. Rula alitoa rula yake akiwa ametoka jasho, akathibitisha: upungufu wa kidole kimoja. Kitambaa cha rangi ile, Bi Mkasi akasema, kilikwisha chote, na kupata kingine ni kesho. Rula akapendekeza njia ya mkato: ya pili nayo ipunguzwe kidole, zilingane, mkutano uanze.

Balozi wa nchi ya mshonaji alikuwa mama mwenye macho ya mtu aliyesahau kulala. Alimtazama Rula mpaka kijana akashusha rula.

"Bendera yetu haikatwi," akasema. "Wameshatukata vya kutosha."

Mjumbe mmoja mzee, wa nchi iliyokuwa bega kwa bega na kwao tangu siku ya kwanza, akajipenyeza mbele. Akasema kama shida ni hiyo, basi zikatwe zote, kuanzia na ya kwake, ili ndugu zao wasipunguzwe peke yao. Wawili watatu nyuma yake wakaitikia. Mmoja alikuwa tayari ameishika bendera ya nchi yake mkononi, anauliza nani ana mkasi. Macho yote yakamwendea Bi Mkasi, naye akaufunika mkasi wake kwa kiganja.

Mshonaji akautazama mkasi ule. Wangezikata kweli. Watu wazima wenye tai wangezipunguza bendera za nchi zao kwa ajili ya chuki aliyoikunja yeye ndani ya pindo. Au wasingezikata, magari yale yangeondoka, na mdogo wake angebaki nyuma ya ukuta asioujua. Akatamani wavamizi waondoke kweli, waende zao na kiburi chao. Tamaa hiyo ilimpita kifuani kama homa. Kisha akamkumbuka kitinda mimba akiwa mdogo, gauni la dada yake limekatwa na kugeuzwa shati lake, pindo linateremshwa kila alipoongeza kimo.

"Haijapungua," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Haijapungua. Imekunjwa. Kitambaa kiko ndani."

Balozi akamgeukia. "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Bi Mkasi akafumba macho. Rula akafungua mdomo, Balozi akamzuia kwa kidole tu, kisha akaiweka bendera ile mikononi mwa mshonaji. "Fumua," akasema. Na alipoinama kana kwamba anaonyesha ukingo, akaongeza kwa kunong'ona, "Ningekuwa mimi ningekunja viwili."

Waliletewa wembe na pasi. Mshonaji alipiga magoti kando ya meza ndogo ya korido na kufumua mishono yake mwenyewe, mmoja mmoja. Katibu wa suti ya kijivu alikuja kusimama kando yake. Kidole cha kitambaa kikateremka. Pasi ikapita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mstari wa mkunjo ukabaki palepale, mweusi kidogo, umeikata rangi ile kama kovu.

"Alama inaonekana," katibu akasema.

"Itaonekana. Kitambaa hiki hakisahau."

Katibu alimtazama. Akaichukua bendera, akaipima mwenyewe, akaingia nayo ndani. Injini za uani zikazimwa. Wajumbe wakapita, milango ikafungwa.

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Ni mama, anataka kujua kama wameketi. Akamwambia wameketi, na kabla ujasiri haujamtoka akamweleza kwamba bendera ya watu wale ameishona yeye. 

"Ya kupandisha juu ya paa?" mama akauliza.

"Ya mezani, mama."

"Mezani sawa. Mezani ndipo mtu huambiwa arudishe cha watu." Kisha, "Pindoni uliacha kitambaa?"

"Niliacha."

"Haya. Nipigie ukisikia lolote. Lolote, usinichagulie."

Bi Mkasi alikuwa amekaa kwenye kiti kile kilichokataliwa. Hakugomba. Alisema tu kwamba kuanzia kesho kila kazi itapimwa ikishashonwa, na ya kwake mwenyewe pia, kisha akasogea kumpisha. Mshonaji hakukaa.

Mlango ukafunguliwa kidogo, Rula akatoka kufuata maji. Mshonaji akamshika mkono wa koti, akauliza wamefika wapi. Kijana akasita, akatazama nyuma, akasema wameanza na mateka, na majina yanasomwa kwa mpangilio wa herufi. Kisha akachukua maji, akarudi ndani, mlango ukafungwa nyuma yake.

Jina la ukoo wao lilianza na herufi iliyo karibu kabisa na mwisho. Mshonaji alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akasimama mbele ya ule mlango, uso karibu ugusane na mbao. Ndani, sauti moja ilisoma, ikatua, ikasoma tena.