Dume la Tingfang

Luo Tingfang aliivuta kamba ya farasi kwa hasira. Bwana Huang, mpimaji kutoka mjini, alikuwa ameusimamisha ufito wake wa kupimia begani mwa dume lake dogo, pale uani, na kusoma sentimita mia na saba. Mwisho kwa farasi hawa wafupi ni mia na sita. Dume akizidi hapo haandikwi kwenye daftari la madume ya mbegu, na anahasiwa siku hiyohiyo. Na huyu ndiye aliyebaki wa ukoo ambao marehemu mumewe aliutunza maisha yake yote.

"Ua huu umeinama!" alifoka. "Ukinipima mimi hapa, nami utaniambia nimerefuka!"

"Mama, kijiji chenu chote kimeinama."

"Uwanja wa kuanikia haujainama."

Shemeji yake, Nong Bingwen, akaangua kicheko. "Uwanja umejaa mahindi ya watu, shemeji. Utayazoa wewe?"

"Nitayazoa mimi!"

Akayazoa kweli, kapu baada ya kapu, mgongo ukimwaka moto. Bingwen alikaa ukutani akimweleza mgeni mambo ambayo hakuulizwa: kwamba vifarasi hivi vimekuwako kwenye milima hii ya mawe tangu enzi za wafalme, kwamba vilipita chini ya miti ya matunda na makapu mgongoni bila kugusa tawi, kwamba kwato zao hazitelezi hata mvua ikinyesha wiki nzima.

"Shuka ushike ufagio, acha kumhubiria mgeni!" Tingfang alimkemea.

"Mbona huyu kanenepa hivi?" Huang aliuliza.

"Mamake alikufa akimzaa," Bingwen alisema. "Shemeji kamlea kwa maziwa ya soya na uji wa mahindi, asubuhi na jioni. Marehemu kaka alimkataza mpaka akachoka. Alisema farasi wetu wanataka majani ya mlimani na njaa kidogo, la sivyo hurefuka."

Tingfang alijifanya hakusikia. Alifagia punje za mwisho, akamleta dume katikati ya uwanja.

Mia na tisa.

"Pima tena."

Mia na tisa. Akamnyang'anya Huang ufito, akapima mwenyewe, huku akiuma midomo. Mteremko alioulaani ndio uliokuwa ukimpunguzia dume urefu. Hata Bingwen safari hii hakucheka.

Huang alifungua mkoba wake wa vyuma vya kuhasia. "Pole, mama. Mshike kichwa."

Tingfang alimshika. Alijichukia, akamchukia Huang, akamchukia na marehemu kwa kuwa alisema kweli. Dume hakuwa na habari. Alisukuma pua kwenye mfuko wa koti la Tingfang, mahali alipozoea kuweka punje za kukaanga.

"Ningekunyima," alimwambia, "leo ungekuwa baba."

Akatia mkono mfukoni, akampa zote zilizobaki.