Shati la Gunzi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndiyo maana watu wa Izigo walicheka. Walimcheka Lwakatare kwa kukoroma. Walisema akilala mbuzi wa jirani hukata kamba, na kwamba siku moja tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alishuka kwenye baiskeli yake barabarani akitafuta lori lililokwama. Uongo mtupu, lakini uongo mtamu, na Lwakatare mwenyewe, mtu mnene mwenye shingo fupi na kicheko cha karibu, aliusimulia kuliko wote.

Mkewe Kokwijuka hakucheka. Yeye ndiye aliyekilalia kitanda hicho, na kwake mkoromo ulikuwa habari njema. Balaa lilikuwa pale mkoromo ulipokatika. Ulikatika ghafla, kifua kikahangaika kupanda na kushuka bila hewa kuingia, mdomo wazi, kimya kikatanda chumba kizima. Hapo Kokwijuka humtikisa kwa nguvu zake zote na kumgeuza ubavu, ndipo mtu avute pumzi kwa kishindo kama aliyezamishwa ziwani akaibuka. Kisha hulala tena, asijue lolote, na baada ya muda mfupi mambo huwa yale yale.

Tangu binti yao Alistidia alipokuwa wa kunyonya, na sasa Alistidia alikuwa mke wa mtu huko Ngenge, Kokwijuka hakuwa amelala usiku mzima hata mara moja. Alilala sikio likiwa wazi. Alikuwa na hakika moja, na hakuna mchungaji wala mganga ambaye angeweza kumtoa kwenye hakika hiyo: siku atakayolala yeye usingizi kamili, mumewe hataamka. Hakumwambia mtu. Jambo kama hilo unamwambia nani?

Mchana nao ulikuwa na mateso yake. Lwakatare aliamka kichwa kinamgonga na maji machungu yamempanda hadi kooni. Kilima cha kutoka kisimani, ambacho zamani alikipanda na gunia la kahawa begani huku akipiga mluzi, sasa alikipanda kwa vituo, na kila kituo alijifanya anakagua migomba ya watu ili asionekane anatafuta pumzi. Akikaa tu, usingizi humchukua. Alisinzia akianika kahawa, alisinzia akiongea na wageni, alisinzia mkono ukiwa umebeba tonge la ndizi na maharage.

Ili asisinzie, alitafuna kamwani. Kila Mhaya anaijua kamwani, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa kwenye kikapu kidogo kabla hajaulizwa shida yake. Mgeni hutafuna mbili tatu kwa heshima. Lwakatare alitafuna mfuko mzima kwa siku, na kadiri alivyotafuna ndivyo kiungulia kilivyomchoma. Ili kukipoza kiungulia, jioni alikunywa kibuyu cha rubisi. Na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilimlaza usingizi mzito kuliko jana yake. Alikuwa akijifunga kamba mwenyewe, fundo baada ya fundo, na hakuna aliyeliona hilo. Zama zile za Mwingereza ugonjwa wenyewe haukuwa na jina kwa Kihaya wala kwa Kiswahili, na sidhani kama Wazungu nao walikuwa wameshalipata.

Wapo waliodai kuwa nalo. Uamsho ulikuwa umepamba moto makanisani, na ndugu waliookoka walipomwona Lwakatare akikoroma katikati ya mahubiri, benchi la mbele, walimfuata nyumbani. "Ta Lwakatare, kuna dhambi imekukalia kifuani. Itubu, utapumua." Mtu anayetafuta hewa hachagui dirisha. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu akatubu pombe, akatubu hasira, na alipoona bado wanamtazama akatubu hata mbuzi ambaye hakumwiba. Watu walipiga vigelegele na kuanza wimbo. Kabla wimbo haujaisha, Lwakatare alikuwa anakoroma. Kokwijuka alimfinya huku machozi yakimtiririka, na wenzake wakadhani analia kwa furaha ya wokovu.

Baada ya aibu hiyo alimpeleka Bukoba mjini. Daktari aliyewapokea alikuwa Mzungu mpole. Alimgonga Lwakatare mgongoni, akasikiliza moyo, akampa unga mweupe wa kiungulia, na kweli unga ule ulimsaidia. Lakini Kokwijuka alipojaribu kueleza habari ya pumzi kukatika, daktari alimtazama mgonjwa aliyekaa mbele yake, macho wazi, anapumua kama watu, akatabasamu. Ugonjwa haukufuatana nao hadi chumba cha daktari. Ulikuwa umebaki kitandani.

Aliyeuona ni Shamsa. Shamsa alikuwa mjane wa Kiislamu aliyeishi nyuma ya soko na kuuza vitumbua, wazee wake walitoka pwani, na ndiye aliyewapa mahali pa kufikia. Mchana ule Lwakatare alijinyoosha kwenye mkeka wake barazani. Mkoromo ukaja, ukakatika. Shamsa aliacha karai likiungua motoni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka, mama."

"Maskini mwanangu. Na wewe ndiye unayemwamsha kila siku?" Kokwijuka alitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza. "Marehemu mume wangu, Muharami, alikuwa hivi hivi. Sikiliza. Kitanda kiinue upande wa kichwani, weka matofali. Halafu shona mfuko mgongoni mwa shati lake la kulalia, hapa katikati ya mabega, utie gunzi la hindi. Akigeuka chali litamchoma, atarudi ubavu mwenyewe. Na pombe aiache."

"Na mzee Muharami alikufa kwa nini, mama?"

"Homa. Usingizi haukumweza. Nilimlinda nao."

Waliporudi Izigo, Kokwijuka alishona mfuko ule kwa mkono wake, kwa uzi maradufu. Na gunzi lilifanya kazi ambayo maombi na unga mweupe havikuweza. Lwakatare alinung'unika wiki za kwanza, akalaani mahindi yote ya dunia, kisha akazoea. Alianza kuamka macho yameng'aa. Alipalilia kibanja chake cha migomba hadi adhuhuri. Kamwani ilirudi kuwa ya wageni, na kibuyu cha rubisi akakiacha. Mluzi ulisikika tena kilimani, na Kokwijuka, akiwa kisimani, aliweka mtungi chini akausikiliza mpaka ukaisha.

Lakini habari ya shati ilibaki ndani ya nyumba. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, baba mkwe wa watu, analala na gunzi mgongoni kama mtoto anayetolewa ukaidi! Izigo ingecheka mpaka mavuno mengine.

Kisha ikaja habari kutoka Buganguzi kwamba Mzee Rutashobya, baba yake Kokwijuka, amefariki.

Alifunga mzigo huku akilia. Aliweka kanga, akaweka kanzu ya mumewe, akaweka shati. Lwakatare alilitoa.

"Hilo linakwenda, Baba Alistidia," Kokwijuka alisema.

"Haliendi. Nitavuaje kanzu mbele ya shemeji zangu wote, wanione na gunzi mgongoni? Ukweni? Kwenye msiba?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ni siku za matanga tu, mke wangu. Nitalala ubavu, nitajitahidi. Nakuomba, waitu, usinivue nguo mbele ya watu wa kwenu."

Siku nyingine angebishana naye mpaka kuche. Siku hiyo alikuwa mtoto aliyefiwa na baba, na nguvu za kubishana hakuwa nazo. Alilitundika shati kwenye msumari nyuma ya mlango, wakatoka.

Buganguzi waliwapokea kwa vilio. Kama desturi, wanawake walilala ndani pamoja na mjane, juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, na wanaume walilala nje kwenye kibanda cha majani ya migomba, kuuzunguka moto. Mkwe ni mkwe. Lwakatare alipewa mahali pazuri kuliko pote, nyasi laini kuliko zote, zimetandazwa sawasawa, tambarare, na kibuyu cha rubisi kikawekwa karibu na mkono wake. Kukataa kibuyu cha ukweni ni kuwatukana waliokitengeneza, kwa hiyo alikipokea.

Kabla ya giza Kokwijuka alimvuta mdogo wake, Karugendo, nyuma ya nyumba.

"Akikoroma, mwache. Akinyamaza, mtikise. Mgeuze ubavu. Umenielewa, Karugendo? Akinyamaza."

"Nimekuelewa, dada."

Akaingia ndani, akajilaza kando ya mama yake, upande wa ukuta unaotazama kibanda cha wanaume. Alikuwa hajala tangu habari ifike, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Alitega sikio. Kule nje mkoromo ulikuwa umeshaanza, mnene, wa kawaida, na mama yake alikuwa akimpapasa kichwani kama alivyokuwa akimpapasa utotoni.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya nyumba.

Mwili ulikuwa mwepesi. Kichwa hakikumgonga. Alinusa nyasi, akasikia jogoo wa jirani na watoto wakicheka kibanjani, na kwa kitambo kidogo alikuwa msichana nyumbani kwa mama yake, hana mume, hana deni la mtu usingizini. Hakuwahi kujua kwamba usingizi una raha namna ile. Ndipo alipokumbuka yuko wapi, na akaelewa amefanya nini. Amelala.

Hakuna aliyekuwa amemwambia neno, na tayari alikuwa amesimama, kanga mkononi, anawaruka wanawake waliolala.

Chini ya kibanda wanaume walikuwa wameuzunguka moto wakinong'ona. Lwakatare alikuwa pale pale walipomweka, chali, amefunikwa blanketi vizuri hadi kidevuni. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu, alimwona Kokwijuka akija mbio, akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Mkwe amelala."

Kilio alichokitoa Kokwijuka hakikuwa cha baba yake, na kila mtu alijua hivyo. Alimgeuza ubavu. Alimtikisa kama alivyomtikisa miaka yote ile, akampiga mgongoni kwa kiganja, akamwita jina lake la utotoni. Mwili ulikuwa baridi na mzito, nao ulirudi chali kila alipouachia.

Karugendo alipiga magoti mbele yake. "Aliponyamaza niliinuka, dada, Mungu anaona. Nilikuwa nimeshamfikia. Wazee wakanizuia. Wakasema, unamtikisaje mkwe wa watu kama mtoto? Ametoka mbali, ndiyo kwanza anapata usingizi mzuri, mwache. Nikaona aibu kumgusa." Alijifuta uso kwa mkono. "Tulimshukuru Mungu, dada. Tulisema afadhali ametulia."

Kokwijuka hakumkaripia. Angeanzia wapi? Wazee walimheshimu mkwe, Karugendo aliwaheshimu wazee, Lwakatare aliheshimu kibuyu, na yeye aliiheshimu aibu ya mumewe akaliacha shati kwenye msumari. Wote walikuwa na adabu. Lakini kilichomchoma kuliko hayo, na kitakachomchoma mpaka naye aingie kaburini, ni kwamba usingizi ule ulikuwa mtamu.

Baba yake alizikwa asubuhi hiyo, na mchana lori la kahawa lilimbeba Lwakatare kumrudisha Izigo, maana mtu huzikwa katika kibanja chake. Karugendo alikaa nyuma ya lori, ameushika mwili usigongegonge.

Izigo nzima ilikuja. Kaburi lilichimbwa kati ya migomba aliyoipalilia mwenyewe. Walimvika shuka nyeupe, wakamviringisha katika lubugo, ile nguo ya magome tuliyozikia wazee wetu, wakamteremsha na kumlaza chali, mikono kifuani. Mwalimu wa kanisa alifungua kitabu.

"Mlazeni ubavu," Kokwijuka alisema.

Mwalimu alimtazama kwa huruma. "Ma Kokwijuka, Mkristo hulazwa chali, apate kumtazama Bwana atakapokuja."

"Bwana atamwona hata akiwa ubavu. Chali hawezi kupumua."

Watu walitazama chini. Walikuwapo wale wa habari ya mbuzi na wale wa habari ya lori, na hakuna aliyecheka. Kokwijuka aliingia ndani, akatoka na shati. Mfuko wake ulionekana wazi mgongoni, na gunzi ndani yake, mbele ya majirani, shemeji na wazee wa kanisa. Hakulificha.

Karugendo alilipokea bila kuulizwa, akashuka kaburini. Huyu aliyeona aibu kumgusa mkwe sasa alimkumbatia kifuani, akamgeuza taratibu akitazama upande wa ziwa, akalikunja shati na kulikaza nyuma ya mgongo ili asirudi chali. Kisha akapanda, magoti yamejaa udongo, akasimama kando ya dada yake.

Wanaume walishika majembe. Kokwijuka aliinua mkono wasubiri kidogo. Alipiga magoti ukingoni, akainamisha kichwa, akatega sikio kama alivyozoea, na hakuna mtu aliyemharakisha.