Fundi Aliyegeuka Kuangalia Mlango

Nikienda harusini na mtu akataja kazi yangu, bibi harusi hunikwepa mpaka keki iishe. Watu wakisikia wakili wa mambo ya familia wanadhani natembea na mkasi wa kukata ndoa ndani ya mkoba. Sikatai, talaka zipo, na wanaogombea watoto wapo. Lakini kazi ninayoipenda ni ile nyingine isiyosemwa sana: mjukuu anayetaka kuwa msimamizi wa babu aliyeanza kusahau, mke ambaye mumewe kapotea na anataka mahakama imwambie kama yeye ni mjane au la, na watu wanaotaka kuwa ndugu kisheria kwa sababu kimaisha walishakuwa ndugu zamani. Hao wa mwisho ndio wanaonichosha kuliko wote, maana huja wamechelewa, na huja wakibishana.

Fundi na binti yake walikuja hivyo hivyo. Yeye ni fundi makochi, mtu mrefu mwenye vidole vigumu na chembe za sponji kwenye nywele. Kabla hajakaa alikibonyeza kiti changu cha wateja kwa kiganja, mara mbili.

"Usishikeshike viti vya watu," binti akamwambia.

"Nakisalimia tu."

"Kiti hakisalimiwi, Fundi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Binti mwenye sare ya shule anamwita mzee wake Fundi, kama mteja aliyeleta godoro. Lakini ndivyo walivyoishi. Baba mzazi wa yule binti aliaga siku moja kwamba anakwenda kutafuta kazi, mtoto akiwa chekechea, na hakurudi tena. Baadaye mama yake alipeleka kochi kwa fundi likatengenezwe, na fundi akawa anachelewesha kulimaliza kusudi ili mama aje kuuliza. Kochi lilipokwisha walikuwa wamekubaliana kuoana. Mtoto alimkuta fundi akiitwa Fundi, naye akaendelea kumwita hivyo. Mama alifariki binti alipoanza sekondari. Wakabaki wawili, karakana upande wa mbele, chumba na sebule upande wa nyuma.

"Sasa mnataka nini?" niliwauliza.

Fundi aliangalia mikono yake. "Alishikwa na tumbo. Nikambeba mpaka hospitali. Wakasema anatakiwa apasuliwe, mzazi aweke saini. Nesi akaniuliza, wewe ni nani wake?"

"Ukasemaje?"

Binti akajibu kwa niaba yake, huku anatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Alisema, mimi ni Fundi. Nesi akamuuliza, fundi wa nini?"

Wote wawili walicheka, na mimi nikacheka, halafu Fundi akaacha kucheka kabla yetu. Alieleza kwamba walimtoa nje akae kwenye benchi mpaka daktari mkuu alipokuja na kuamua mwenyewe. Muda wote ule hakuna aliyemwambia hali ya mtoto, kwa sababu hakuwa mtu wake. "Sitaki kukaa kwenye benchi lile tena," alisema. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaongeza kwamba hata benchi lenyewe lilikuwa bovu.

Nikawaeleza. Alichohitaji ni amri ya kuasili mtoto, yaani mahakama imtamke kuwa mzazi wake kamili, kama aliyemzaa. Ila sheria humruhusu mtu kuasili mtoto, siyo mtu mzima, na binti alikuwa karibu kutimiza miaka kumi na minane. Akishaivuka siku hiyo mlango unafungwa, na mbele ya sheria Fundi atabaki mume wa marehemu mama yake, basi.

"Mlikuwa wapi siku zote?" niliuliza, na hasira yangu haikuwa ya utani.

"Tulikuwa tunabishana nani aje kukuona kwanza," binti akasema.

Nikafungua maombi haraka. Tukatoa tangazo gazetini kumtafuta baba mzazi, kama ana neno aje aseme. Mahakama ikamtuma afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mtaratibu asiyependa kuharakishwa, akawatembelee nyumbani aone wanavyoishi. Niliwaambia wale wawili wakae kama wanavyokaa siku zote. Nililisema hilo kwa Kiswahili chepesi kabisa. Sijui walisikia nini.

Ripoti ilipofika mezani kwangu niliisoma nimesimama. Afisa aliandika kwamba sebule ilikuwa na makochi ya bei mbaya, mapya mno, bado yana nailoni, na hayakuonyesha dalili kwamba kuna mtu amewahi kuyakalia. Binti aliketi mwisho huku na mwombaji mwisho kule, mikono magotini. Walizungumza kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mstari wa mwisho ndio ulionimaliza: binti alipomkaribisha mwombaji chai kwa kumwita "Baba", mwombaji aligeuka kuangalia mlango. Kwa maoni ya afisa uhusiano huo ulionekana wa kuigiza, na alishauri uchunguzi zaidi ufanyike.

Uchunguzi zaidi maana yake ni muda, nasi muda hatukuwa nao. Niliwaita ofisini wote wawili.

"Yale makochi ni ya nani?"

Wakatazamana. "Ya mteja," Fundi akakiri. "Anafungua hoteli. Nyumbani kwetu hakuna kochi zima, wakili. Kuna moja lina mguu wa tofali. Nikaona aibu, fundi makochi mzima afisa akalie tofali."

"Nilimwambia atoe ile nailoni," binti akasema.

"Ingechafuka! Mali ya mtu!"

"Na wewe," nikamgeukia binti, "hilo la Baba lilitoka wapi?"

Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. "Niliona ndiyo inavyotakiwa," akasema.

Jaji aliisoma ripoti naye, na badala ya kuahirisha aliamua kutusikiliza mwenyewe chumbani kwake. Alikuwa mwanamke mkavu, ambaye hata mawakili wakongwe hujikausha mbele yake. Tuliingia, mimi roho mkononi, afisa ustawi na faili lake, na wale wawili wakiwa wamechana nywele kama wanaokwenda kupigwa picha ya pasipoti. Jaji alimuuliza Fundi maswali ya kawaida: kazi, makazi, afya. Fundi alijibu kwa neno moja moja. Mambo yalikuwa yanakwenda mrama nami nikawa naona.

"Binti alipokuita Baba," jaji akasema, "uligeuka kuangalia mlango. Kwa nini?"

"Nilidhani amerudi, mheshimiwa."

"Nani?"

"Mwenyewe. Baba yake. Tangazo lilikuwa limeshatoka gazetini. Na nyumbani kwetu hilo jina ni la yule. Mimi nimemlea huyu nikijua kabisa iko siku mlango utagongwa, na mwenye jina lake atasimama pale aseme ahsante fundi, kazi nimeiona, sasa nampeleka." Akakunja kiganja kama aliyeshika kikombe. "Alipoita nikajua ndiyo leo. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini ili nisije nikakivunja."

Afisa ustawi aliacha kuandika. Nilimwangalia binti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona hana utani usoni.

"Hukuniambia hivyo," alimwambia Fundi, kana kwamba jaji hayupo.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekwambia." Akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, naomba kusema. Nilikuwa na mtu nilimwita Baba. Nilikuwa nakaa mlangoni kila jioni namwita, kwa sababu mama alisema atarudi. Hakurudi. Mama alipotuletea huyu, nikaogopa kumwita hivyo. Niliona hilo jina ukimpa mtu anaondoka. Nikamwita Fundi, na yeye akabaki. Mama mwenyewe aliondoka, huyu akabaki. Mimi nikaona basi nisibadilishe kitu."

Fundi alikuwa anatazama dari. Machozi yalimtoka hivyo hivyo akiwa anatazama dari, na hakuyafuta, nadhani aliona akiyafuta tutayajua.

"Usilie, bwana," binti akamnong'oneza. "Watadhani nakupiga nyumbani."

"Hulali vizuri usiku, ndiyo maana macho yako yanaona mambo ambayo hayapo. Mimi silii."

"Silali vizuri kwa sababu ya nani? Nani anagonga misumari mpaka majirani wanahama?"

"Na ada ya shule nikalipe kwa misumari ambayo haijagongwa?"

Wakaendelea. Nilitaka kuwanyamazisha, kumbe jaji ameinua kiganja kunizuia. Aliwaacha wabishane kuhusu misumari, kuhusu kochi lenye tofali, kuhusu nani aliunguza maharage siku ya mtihani, mpaka wakagundua wenyewe walipo, wakanyamaza kwa pamoja. Jaji akamgeukia afisa ustawi. "Haya ndiyo uliyoyakuta siku ile?"

"Hapana, mheshimiwa," afisa alisema, na alikuwa anauma mdomo asicheke. "Haya wangenionyesha, ningeandika ukurasa mmoja nikaenda zangu."

Baba mzazi hakuwa amejitokeza, na jaji alitoa amri siku ileile. Sikuamini mpaka nilipoiona imegongwa mhuri.

Tulishuka masijala, pale dirishani, kuchukua nakala. Karani hakuinua hata kichwa. Aliuliza kama anavyouliza kila mtu, sauti ya mtu aliyechoka na anayengojea kwenda kula: "Anayechukua ni nani wake?"

Nilifungua mdomo. Binti akanishika mkono, kwa nguvu, nikaufunga. Naye akanyamaza, yeye ambaye sijawahi kumwona akiacha swali lipite bila kulijibu. Alimwangalia Fundi na kumngoja.

Fundi alishika ukingo wa dirisha. Aliukagua ule ubao kwa kidole gumba, kama kawaida yake, akakohoa.

"Baba," akasema. Halafu akarudia, kwa sababu mara ya kwanza haikutoka vizuri. "Mimi ni baba yake."

"Haya, baba yake, saini hapa," karani akasema, akamsogezea kalamu.

Nilijikaza kisabuni lakini haikusaidia, nikalia pale pale mbele ya masijala, na sioni haya kusema. Fundi alitia saini polepole. Binti alichungulia juu ya bega lake kuhakikisha hakukosea, kisha akaikunja ile nakala akaitia ndani ya daftari lake la hesabu.

"Umeona?" akamwambia. "Haliumi. Twende, Fundi, mwenye hoteli anangojea makochi yake."