Tende Zilizokataliwa na Kompyuta

Haya alinieleza mjukuu wangu Rym jana alasiri, tukitoa kokwa kwenye tende za kupikia.

Yeye ndiye mwangalizi wa kompyuta za chama cha wakulima hapa Tozeur. Mwaka jana kila mtu aliandika aina ya tende apendavyo: huyu "nzuri", yule "za marehemu baba", na karani Khmais akaandika "usiniulize". Masanduku yakachanganyika, mnunuzi akayarudisha. Basi mwaka huu Rym akaiwekea sharti ile safu ya aina kwenye kompyuta: inapokea majina yaliyokubaliwa tu. Jina jingine, hata aliandike nani, linakataliwa. Kuiacha tupu pia hakuruhusiwi.

Juzi asubuhi akaja Bi Saloua na tende za mtende uliojiotea wenyewe kando ya mfereji wake. Ameulea miaka mingi, na sasa alitaka tende zake ziende kwenye maonyesho Tunis. Lori lilikuwa linanguruma nje. Khmais akaandika "za Saloua". Kompyuta ikakataa.

"Bi mkubwa, tuandike degla tu, kama tende za wengine. Nani atajua?"

"Mkeo akijifungua utamwandikisha mtoto kwa jina la jirani? Niondolee balaa!"

Khmais akamgeukia Rym. "Mwanangu, liondoe hilo sharti lako kidogo tu, mama huyu apite."

"Nikiliondoa, kesho utaniandikia 'usiniulize'. Naweza kuongeza jina kwenye yale yanayokubaliwa. Haya Bi Saloua, zinaitwaje?"

Bi Saloua akakiri hazina jina bado. Kwetu mtende uliojiotea kwa kokwa haupewi jina mpaka majirani wawe wameonja tende zake, na yeye, akasema, aliwaficha tende hizo, akiogopa watazimaliza.

"Kumbe mchoyo!" dereva akacheka, akazima lori. "Fungua sanduku, mama."

Wakaitwa majirani, zikaliwa palepale mlangoni na maziwa ya mtindi. Laini, tamu, zina harufu ya sukari iliyoungua. Khmais akasema ziitwe Mchoyo, akarushiwa kokwa ya kichwa. Mwishowe Bi Saloua akatamka, "Binti Mfereji," na wanawake wakapiga vigelegele.

Rym akaliongeza jina kwenye yale yanayokubaliwa. Khmais akaliandika, kompyuta ikapokea. Lori likaondoka na Binti Mfereji, sanduku moja pungufu.

Bi Saloua alilisindikiza kwa macho hadi kona ya barabara, akarudi nyumbani, akajinyoosha mkekani bila hata kuvua viatu. Adhana ya alasiri ilimkuta ameshalala.