Mwajiri Wako Nani?

Siku ya nne Mektilda alipofika ofisi ya kazi, alikuta benchi limeondolewa. Siku tatu zilizotangulia lilikuwepo pale varandani, benchi refu lililochubuka rangi, na watu walikaa juu yake kutwa wakisogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Sasa zilibaki alama nne za miguu yake sakafuni. Watu walisimama wameegemea ukuta.

"Limeenda wapi?" aliuliza.

"Limeondolewa," alisema mlinzi. "Mlikuwa mnalizoea."

Akasimama na yeye. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki iliyoanza kuchanika pembeni. Ndani mlikuwa na leseni yake ya biashara, barua ya balozi wa nyumba kumi, na picha mbili ndogo za mzee Shaibu, aliyepigwa picha akiwa amefunga kifungo cha shingo kana kwamba anapelekwa kuposa.

Redio ilikuwa imelisema jambo lile mwezi mzima. Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Kila mtu mjini awe na kitambulisho cha kazi. Asiye nacho ni mzururaji, atapelekwa shamba akazalishe. Na kila mwajiri aandikishe watu wake. Atakayekutwa na mfanyakazi asiyeandikishwa atafikishwa mahakamani na leseni atanyang'anywa. Mektilda aliisikiliza habari hiyo dukani kwake, Mtaa wa Sikukuu, akiwa amekaa chini anachambua mbegu kwenye sufi, na mzee Shaibu yuko mbele yake anashona ukingo wa godoro kwa sindano ndefu. Hakuna aliyeinua kichwa. Ilipoanza taarabu, Shaibu alisema tu, "Hiyo inatuhusu, mama."

Miaka kumi na moja mzee Shaibu alikuwa anashona magodoro pale. Aliajiriwa na marehemu mume wa Mektilda, na baada ya mazishi, ndugu za marehemu walipopanda basi wakarudi kwao Rombo, Shaibu alifungua mlango wa duka Jumatatu kama kawaida na kukaa mahali pake. Alikuwa mtu wa Newala, umri wake unakaribia sitini. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya godoro, macho ameyafumba, akajua sufi imejikusanya wapi. Kila asubuhi Mektilda alimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitika, "Marahaba mama, umeamkaje?" Wateja waliwacheka. Mwajiri gani anampa mfanyakazi shikamoo?

Ilipofika saa sita aliitwa ndani. Karani alikuwa kijana mwenye shati jeupe la kaunda, jina lake Filbert, na mezani kwake palikuwa na mihuri mitatu iliyopangwa kwa ukubwa. Aliisoma leseni pande zote mbili.

"Hapa pameandikwa fundi mmoja. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu Shaibu yumo wapi humu?"

"Hayumo. Ndiyo nimekuja kumwandikisha."

"Ndugu Mektilda, mimi siwezi kumwandikisha mtu ambaye leseni haimtambui. Nenda ofisi ya biashara wamuongeze kwanza."

"Nimeshaenda, kabla ya kuja hapa. Wamesema hawamuongezi mtu asiye na kitambulisho cha kazi."

Filbert akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jibu sahihi.

"Wako sawa," alisema. "Ndivyo sheria inavyosema."

"Sasa mimi nianzie wapi?"

"Lete barua ya chama. Tawi likikutambua kuwa mwajiri halali, tutaona." Akairudisha bahasha. "Na usichelewe. Mwisho wa mwezi si mbali."

Tawi lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la ushirika, ambalo siku hiyo lilikuwa na viberiti na majembe tu. Katibu, ndugu Mbaruku, alimpokea vizuri. Godoro lake la nyumbani alilishona Shaibu mwenyewe. Alimvutia kiti, akamuuliza habari za kijana wake Aristides aliyekuwa kidato cha nne Moshi, kisha akaisikiliza shida yake mpaka mwisho, akakuna shavu.

"Mama Aristides, sasa unataka niandike kwamba wewe ni nani?"

"Mwajiri."

"Shusha sauti," alisema Mbaruku, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Wewe ni mwanachama. Mwanachama ni mkulima au mfanyakazi. Nikiandika kwa mkono wangu kwamba mwanachama wa tawi langu ana mtu anamtumikisha, wilayani wataniuliza nimelea mnyonyaji miaka yote hiyo nikiwa wapi."

"Mimi na mzee Shaibu tunakula sufuria moja, ndugu Mbaruku. Wewe unatuona."

"Naona. Lakini macho yangu hayapigwi muhuri." Alifurahishwa kidogo na maneno yake mwenyewe. "Anzisheni ushirika. Ushirika naupitisha leo leo. Leteni majina ya watu kumi."

"Tuko wawili."

"Tafuteni wanane."

"Wanane wafanye nini? Sufi ya kutosha watu wawili siipati. Kitambaa cha gunia sipati. Wanane hao wachambue nini?"

Mbaruku akatazama dirishani. Akasema kamati inakaa Jumanne ya wiki inayofuata, atalipeleka suala lake kwenye mengineyo.

Dukani alimkuta Shaibu amefunga bawa moja la mlango na kukaa nyuma yake, anashonea gizani. Mboni, binti aliyekuwa akija siku moja moja kuwasaidia kuchambua sufi, alikwisha kuondoka. Ndugu zake walikuja asubuhi kumrudisha Lindi kabla hajachukuliwa na mgambo. Shaibu alisikiliza yote, ya Filbert na ya Mbaruku, bila kuacha kushona.

"Kwa hiyo mpaka Jumanne," alisema.

"Mpaka Jumanne. Usitoke toke."

"Buguruni nitafikaje bila kutoka? Sofia ananingoja nyumbani." Akakohoa, kile kikohozi chake cha vumbi la sufi, kisha akaweka sindano chini. "Mama, niandikie karatasi. Karatasi yoyote. Sema Shaibu bin Hamisi anafanya kazi kwangu, weka jina lako. Mgambo wengine wakiona maandishi wanaachia."

Mektilda alichukua daftari, akachana ukurasa. Akaandika tarehe. Kalamu ikasimama hapo. Aliiona karatasi ile mkononi mwa mgambo, kisha mezani kwa Filbert, kisha mahakamani ikiinuliwa juu: ushahidi kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba ana mtu asiyeandikishwa. Aliwaza ada ya Aristides. Aliwaza lile duka, kuta nne na mlango, ndilo lililobaki kati yake na kurudi Rombo kulima kihamba, shamba la ukoo la mashemeji.

"Tungoje Jumanne, mzee," alisema. "Tusiharibu."

Shaibu akaokota sindano. "Haya mama."

Jumatatu palikuwa na godoro la kupeleka Upanga, kwa mteja aliyekwisha kutuma mtu mara mbili. Mwenye mkokoteni hakuonekana. Wenye mikokoteni wote walikuwa wamejificha. Shaibu akalikunja godoro, akalifunga kamba, akajitwika. Mektilda akafuata nyuma na mkoba. Walipita Mnazi Mmoja kwa sababu ndiyo njia fupi, na kwa sababu saa nne asubuhi, watu wanapita tele, hawakudhani kama wangesimamishwa.

Lori lilikuwa limeegeshwa upande wa barabara. Mgambo wawili walikuwa tayari mbele yao.

"Mzee, tua. Kitambulisho."

Shaibu alitua godoro taratibu, akalisimamisha lisiguse vumbi. "Sina, mwanangu. Kinashughulikiwa."

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona magodoro."

"Kwa nani? Mwajiri wako nani?"

Mektilda alikuwa hatua tatu nyuma. Shaibu hakugeuka. Mgambo mkubwa, mwenye kofia, ndiye aliyeinua macho na kumtazama.

"Mama, huyu mtu wako?"

Alifungua mdomo. Alikusudia kusema ndiyo. Baadaye alijiapia mara nyingi kwamba alikusudia. Lakini neno lilichelewa, na katika kuchelewa huko Shaibu akasema, "Mama huyu ni mteja. Nambebea tu mzigo."

"Ni kweli, mama?"

"Ndiyo," alisema Mektilda. "Ananibebea tu."

Walimshika mzee Shaibu mikono huku na huku, ingawa hakuwa anakimbia. Alipandishwa kwenye lori kwa shida. Goti lilimkatalia, wenye lori wakamvuta kwa juu. Mle ndani aliketi kwenye sakafu katikati ya watu na hakuonekana tena. Mgambo mwenye kofia alilitazama godoro lililobaki, akamwonea Mektilda huruma.

"Tafuta mwingine akubebee," alisema. "Mwenye kitambulisho."

Jumanne kamati haikufikia mengineyo.

Jumatano Filbert alipita Mtaa wa Sikukuu na fomu, mlango kwa mlango, akikagua waajiri. Alimkuta Mektilda peke yake, amekaa katikati ya sufi.

"Yule mtu wako yuko wapi?"

"Hayupo."

"Huna mfanyakazi mwingine?"

"Sina."

"Basi tatizo lako limekwisha, ndugu yangu." Aliandika, akageuza fomu. *Mmiliki hana mfanyakazi.* "Saini hapa." Mektilda akasaini. Filbert akampigia muhuri palepale, juu ya goti lake, akamwambia kwamba duka lake ni miongoni mwa machache mtaani ambayo hayana kasoro.

Saa tisa alifika Sofia, mke wa Shaibu, amekuja kwa miguu kutoka Buguruni. Alisimama mlangoni bila kuvua kandambili.

"Leo siku ya tatu, mama. Hajarudi."

Mektilda alimweleza. Hakumficha kitu, hata lile neno *mteja*. Sofia alisikiliza akitazama mahali pa mumewe, pale kwenye kigoda kitupu.

"Wanasema mwajiri akijitokeza, mtu anaachiwa," alisema hatimaye. "Jirani yetu katolewa jana. Mhindi wake alikwenda na karatasi." Halafu, kwa sauti ile ile: "Si ungesema tu, mama. Angalau wangewachukua wote wawili, mngejuana mko wapi."

Usiku ule Mektilda hakulala, na asubuhi hakufungua duka. Alikwenda ofisi ya kazi, akasimama ukutani na wenzake, na zamu yake ilipofika aliingia bila bahasha.

"Nimekuja kusema," alimwambia Filbert. "Shaibu bin Hamisi ni mfanyakazi wangu. Miaka kumi na moja. Nimemwajiri bila kumwandikisha na jana nimesaini uongo. Mnishitaki, yeye arudishwe."

Filbert alifunga mlango. Kwa mara ya kwanza alionekana kuchoka.

"Mama, nikae nikushitaki kwa nani? Kwenye kumbukumbu zangu huna mtu. Umesaini wewe, nimepiga muhuri mimi. Tukifungua hilo, mimi na wewe tunaanza kuulizwa nani mwongo."

"Mimi ndiye mwongo. Andika."

"Hakuna fomu ya hilo."

"Basi niambie yuko wapi."

Akavuta daftari kubwa, akashuka na kidole. "Shaibu Hamisi. Huyu hapa. Amepatiwa kazi kwenye shamba la mkonge, upande wa Morogoro. Waliomba watu mia mbili. Wana upungufu mkubwa. Wale ni waajiri wenye vibali vyote."

"Mkonge? Yule mzee ana kifua. Goti lake bovu. Ameshika sindano maisha yake yote."

"Kule kuna zahanati." Kidole cha Filbert kilikuwa bado juu ya jina. "Na kitambulisho cha kazi kashapewa, toka juzi. Namba yake hii hapa. Si ndicho ulichokuwa unakihangaikia wewe?"

Mektilda alitoka. Mlangoni mtu mwingine alikuwa anauliza habari ya benchi. Jua lilikuwa utosini. Alifuata barabara bila kuchagua njia, akapita maduka yenye rafu tupu, akapita foleni ya sabuni iliyozunguka pembe ya jengo, na alipoinua macho alikuwa Mnazi Mmoja, na lori lilikuwa pale pale upande wa barabara, bati lake la nyuma limeshushwa.

Walikuwa wamewapanga watu mstari mmoja. Wanaume wengi, wanawake wawili na vikapu vyao vya maandazi. Yule mgambo mwenye kofia alikuwa anatembea mbele yao akiuliza swali lake, na kila jibu lilikuwa fupi. Alikuwa amefika kwa mwanamume mmoja wa makamo, mwembamba, miguu peku, shati limechanika begani.

"Mwajiri wako nani?"

Mwanamume akaangalia lori.

"Wangu huyo!" alisema Mektilda.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Mstari mzima uligeuka. Alijikuta amekwisha kupita katikati ya watu, amemshika yule mtu kiwiko, na ngozi yake ilikuwa ya moto kama ya mwenye homa.

"Ni mfanyakazi wangu. Mimi ni mwajiri wake. Nimemwajiri mimi, sijamwandikisha, kosa langu. Andikeni mimi."

Mgambo alimkazia macho. Labda alimkumbuka, labda hakumkumbuka. Siku zile alikuwa ameona nyuso nyingi. Akatoa daftari mfukoni, akailowesha kalamu kwa ulimi.

"Haya. Jina lake nani?"

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha lori. Mektilda alimtazama yule mtu, naye akamtazama, midomo yake ikicheza, anasema kitu, anakirudia, na ule muungurumo ukakimeza. Kalamu ilikuwa inangoja juu ya karatasi.

"Mama," alisema mgambo. "Jina."